Bosi kasema mimi ndiye msanifu wa mfumo. Misingi ya kazi hii nianzie wapi?

Kijana_Ngongona (Jumapili, saa 2:10 usiku)

Wakuu habari za jioni, na wana Dodoma mbukwenyi.

Nilimaliza UDOM upande wa tehama, sasa nipo kwenye kampuni ndogo hapa Area D. Tuko waandishi wa programu wanne na bosi wetu. Mfumo unaotulisha ni wa mnunuzi mmoja wa mahindi na alizeti. Karani wa mizani pale Kibaigwa anapima mzigo, anaingiza kwenye tableti, mfumo unapiga hesabu ya bei na ushuru, kisha mwenye mzigo analipwa kwenye simu. Tumeuandika kwa Laravel (kiunzi cha PHP), hifadhidata ni MySQL, seva ni moja, tumeikodi Ujerumani. Unafanya kazi, ingawa msimu ukichanganya lawama hazikosekani.

Sasa mteja anataka kufungua vituo Mpwapwa, Kondoa, Manyoni na Singida mjini kabla ya mavuno yajayo. Bosi kaniita, kaniambia kuanzia leo wewe ndiye msanifu wa mfumo. Mshahara haujaguswa, ni cheo tu. Kanikabidhi na mchoro aliochorewa na mtaalamu mmoja kutoka Dar: visanduku 12, kila kimoja maikroservisi yake, yaani programu ndogo inayojiendesha peke yake. Kuna huduma ya mizani, ya wakulima, ya bei, ya ushuru, ya meseji, ya risiti, na mishale inakwenda kila upande.

Kuandika programu sina wasiwasi. Shida yangu ni kwamba nikiulizwa kwa nini tufanye hivi na si vile, sina jibu zaidi ya "naona itakaa vizuri". Video za usanifu nimetazama nyingi, zote zinaeleza jinsi kampuni kubwa za Marekani zinavyohudumia mamilioni ya watu. Sioni zinavyoingia Kibaigwa.

Naomba kuelimishwa. Misingi hasa ni ipi? Cheti kina umuhimu? Na msanifu anaendelea kuandika programu au anabaki na kalamu ya kuchorea?

Daktari_wa_Seva (saa 2:31 usiku)

Hongera mkuu, umepanda. Ushauri wangu: piga Docker (kufungasha programu), halafu Kubernetes (kuziendesha kwenye seva nyingi), halafu Kafka (foleni za ujumbe kati ya programu), malizia na cheti cha usanifu cha AWS, zile huduma za seva za Amazon. Huo mchoro wa visanduku 12 uko vizuri kabisa, ndio mtindo wa sasa. Mkibaki na mfumo mmoja mkubwa, vituo vikiongezeka utawaelemea.

Mpita_Njia_Kisasa (saa 2:40 usiku)

Cheo bila mshahara, pole kiongozi hahaha. Nakaa hapa nisubiri wenye uzoefu.

BintiHombolo (saa 4:05 usiku)

Mdogo wangu, kabla sijasema lolote nijibu haya. Siku yenye pilikapilika kuliko zote mnapima mizigo mingapi? Mtandao ukikata, karani anafanya nini, yaani mikono yake inakwenda wapi? Imewahi kutokea mtu akalipwa mara mbili, au mfumo ukasema kalipwa na yeye anasema hajaona kitu? Bei anabadilisha nani na mara ngapi? Ushuru je? Skrini ya kupimia inachukua muda gani kufunguka? Na wewe mwenyewe umewahi kushinda pale mizani siku nzima?

Nimefanya kazi benki, nikaenda hospitali, sasa niko Mtumba kwenye mifumo ya ofisi moja ya serikali. Kote huko hayo ndiyo maswali ninayoanza nayo. Usinijibu kwa "mzigo ni mkubwa". Nipe namba.

Kijana_Ngongona (Jumatatu, saa 1:15 asubuhi)

Asante dada. Nimechungulia kumbukumbu za mfumo.

Siku ya juu kabisa msimu uliopita Kibaigwa ilipima mizigo kama 400. Mteja anakadiria kila kituo kipya kitafika hapo hapo.

Mtandao ukikata karani anaandika kwenye daftari, jioni anaingiza. Mizigo mingine huingia mara mbili.

Malipo ndiyo kilio. Karani anabonyeza "Lipa", skrini inazunguka, anabonyeza tena. Mara nyingine zinakwenda mbili. Mara nyingine mfumo unaandika imeshindikana kumbe pesa imeshafika.

Bei mteja anabadilisha kila asubuhi. Ushuru umeandikwa ndani ya programu yenyewe. Skrini ya kupimia inafunguka kwa sekunde 3 au 4, inapiga seva kama mara 20 ndipo ikae sawa. Bosi anataka tununue seva kubwa zaidi.

Kushinda mizani, bado.

BintiHombolo (saa 3:50 usiku)

Sasa tunaweza kuongea. Nitaandika kirefu, chai iwe karibu.

Tuanze na hesabu, maana hii ndiyo stadi ya kwanza na haihitaji hata kompyuta. Mizigo 400 kwa vituo vitano ni 2,000 kwa siku. Mizani ikifanya kazi saa 8, ni mizigo 250 kwa saa, mmoja kila sekunde 14 hivi, vituo vyote kwa pamoja. Tumwombee mteja baraka, biashara yake ikue mara 10: mizigo 20,000 kwa siku, karibu 42 kwa dakika. Kila mmoja unapiga seva mara 20. Hayo ni maombi 14 kwa sekunde. Ombi likikaa ndani ya seva sehemu moja ya kumi ya sekunde, maombi yaliyomo ndani kwa wakati mmoja ni 14 mara 0.1, yaani wastani wa 1.4. Kanuni hiyo ya kuzidisha kasi ya kuingia kwa muda wa kukaa ndani aliithibitisha John Little mwaka 1961, na inashika kwenye foleni ya seva kama inavyoshika kwenye foleni ya malori. Maombi mawili kwa pamoja, tena baada ya kukua mara 10! Asubuhi kutakuwa na msongamano kuliko wastani, sawa, zidisha mara tano. Seva moja ya kawaida bado inayamudu.

Seva kubwa zaidi haitawasaidia hata hiyo skrini. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar hadi Frankfurt ni kama kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, na nyaya haziendi kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi, bila kuhesabu vifaa vya njiani wala mtandao wa simu wa Kibaigwa, ni milisekunde 70. Safari 20 zinazofuatana ni sekunde 1.4 za mwanga kusafiri tu, hakuna aliyefanya kazi yoyote bado. Ongeza mtandao wa simu, sekunde zako 3 au 4 umeshaziona. Dawa ni kuomba vyote kwa safari moja au mbili, na orodha ya wakulima na bei ya siku vikae kwenye tableti. Mwambie bosi asinunue kitu.

Sasa ule mchoro. Tuseme kila kisanduku kinapatikana asilimia 99.9 ya muda, na hiyo ni kazi nzuri kwa watu wanne. Kisanduku kimoja kitakuwa hakipatikani kama saa 8 na dakika 45 kwa mwaka. Lakini ikiwa kupima mzigo mmoja kunahitaji visanduku vyote 12 viwe hai kwa pamoja, na kila kimoja kinaanguka kwa wakati wake, zidisha 0.999 yenyewe kwa yenyewe mara 12. Utapata kama asilimia 98.8. Saa 104 kwa mwaka, siku nne na ushee. Ikiangukia wiki ya mavuno, mteja hatakuuliza habari za mishale.

Simdharau aliyechora. Mchoro wa namna ile unaifaa kampuni yenye timu nyingi zisizoweza kungojana. Melvin Conway aliandika mwaka 1968 kwamba shirika likibuni mfumo, umbo la mfumo huishia kufanana na namna watu wa shirika hilo wanavyowasiliana. Ninyi mnawasiliana kwa kugeuza kiti. Visanduku 12 kwa watu wanne maana yake kila mtu analea vitatu, na saa nane za usiku hajui kipi kinamlilia.

Haimaanishi kila kitu kiwe rundo moja. Gaweni, ila ndani ya programu ileile moja, kwa moduli, yaani vipande vya programu vyenye mipaka inayoheshimiwa. Mpaka uupitishe wapi? Wengi hugawa kwa kufuata hatua za kazi: kupima, kupiga hesabu, kulipa, kutoa risiti. David Parnas alionyesha tangu mwaka 1972 kwamba inafaa zaidi kuanza na orodha ya maamuzi yanayoelekea kubadilika, kila moduli ikafiche uamuzi mmoja. Kwenu orodha hiyo mimi naiona nikiwa hapa Makole bila kuona programu yenu. Ushuru wa mazao: mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Aliyekuwa ameandika 0.05 sehemu kumi na tano za programu alilala ofisini. Kampuni ya simu mnayolipia: mteja akipata makato nafuu kwingine, atahama. Aina ya mizani. Namna ya kupanga bei. Hizo ndizo moduli zako za kwanza, na mtu wa moduli nyingine haruhusiwi kujua ndani kuna nini. Jipime hivi: ushuru ukibadilika kesho, utagusa mafaili mangapi? Yakizidi moja au mawili, mpaka umepita pasipo.

Kulipa. Hapa kaa sana, hapa ndipo pesa za watu zilipo.

Tumezoea kuandika kana kwamba ombi la malipo lina majibu mawili, limekubaliwa au limekataliwa. Kwenye mtandao kuna la tatu: sijui. Seva yako imetuma ombi kwa kampuni ya simu, sekunde 30 zimepita, kimya. Huenda ombi halikufika. Huenda lilifika, pesa ikaingia, jibu ndilo lililopotea njiani. Ukiwa upande wako huwezi kuzitofautisha hali hizo mbili, uwe na Kubernetes au uwe na kikokotoo. Ukiandika imeshindikana, karani analipa mara ya pili. Ukiandika imefaulu, kuna mkulima anarudi Hogoro mikono mitupu.

Kwa hiyo kila kitu kinachoomba pesa kipewe namba ya kipekee na tableti yenyewe, kabla ya kugusa mtandao. Karani akibonyeza mara tano, namba ni ileile. Kwenye hifadhidata weka sharti kwamba namba hiyo haiingii mara mbili, na liwe sharti la hifadhidata. Ukaguzi ulioandika kwenye programu hautoshi: maombi mawili yakifika kwa pamoja yote yatakagua, yote yatakuta hakuna kitu, yote yataingia. Namba hiyohiyo uipeleke kwa kampuni ya simu kama kumbukumbu yako, na uwaulize kwa maandishi wanafanya nini ikija mara ya pili. Jibu lao litunze. Malipo yawe na hali ya "hayajulikani" inayoonekana kwenye skrini, ili karani ajue kuwa hapa asibonyeze, asubiri. Nyuma yake kuwe na kazi inayouliza hali ya malipo hayo, ikiongeza nafasi kati ya jaribio na jaribio, maana ukiwagonga kila sekunde siku mtandao wao umelemewa unawazidishia. Na kila asubuhi linganisheni taarifa yao ya miamala na kumbukumbu zenu mstari kwa mstari. Benki hatukuwahi kuruka siku.

Mtandao ukikata kabisa je? Eric Brewer alilisema mwaka 2000, Gilbert na Lynch wakalithibitisha mwaka 2002: mtandao ukigawanyika, ama unaendelea kuhudumia, ama unahakikisha kila upande unaona kitu kimoja. Vyote viwili hupati. Watu husoma hilo wakachagua mara moja kwa mfumo mzima. Wewe chagua kwa kila tendo. Kupima kuendelee, tableti itunze. Bei itumike ya asubuhi, kama mteja amekubali kwa maandishi kuibeba hasara akibadilisha mchana. Kulipa kusimame, mwenye mzigo apewe risiti ya uzito aondoke nayo.

Cheti, kama bosi analipia kachukue. Na programu endelea kuandika, hasa hiyo sehemu ya malipo.

Jumamosi panda gari uende Kibaigwa.

Daktari_wa_Seva (saa 4:20 usiku)

Dada heshima yako, hesabu nimezikubali. Ila napinga kidogo. Ndani ya programu moja, moduli ya meseji ikijaza kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) yote ya seva inaua na mizani. Nimeliona hilo kwa macho kwa mteja mmoja hapa Dar: mtu alituma meseji za sikukuu kwa wateja wote, kaunta zikaganda. Visanduku tofauti vingewaokoa.

BintiHombolo (saa 4:48 usiku)

Hapo una hoja na sitabishana nayo. Utumaji wa meseji utolewe nje ya programu hiyo. Mzigo ukishahifadhiwa, andika kwenye jedwali la foleni kwamba kuna meseji ya kutuma, ndani ya muamala uleule wa hifadhidata ili visitengane. Kazi nyingine, inayojiendesha kando kwenye mchakato wake wenye kikomo cha RAM, isome foleni na kutuma. Ikifa, meseji zinachelewa, mizani haijui. Kafka haijahitajika, jedwali la MySQL linatosha kwa mizigo ya huyu kijana.

Ila angalia tulivyofika hapo. Umetaja hitilafu, tukaona inaua nini, tukatenganisha hicho kimoja. Sasa niambie hitilafu inayotutaka tutenganishe huduma ya bei na huduma ya ushuru.

Daktari_wa_Seva (saa 4:55 usiku)

Sina. Nimekaa chini.

Fundi_Singida (Jumanne, saa 12:40 asubuhi)

Naongezea la huku chini kwenye vifaa, maana mimi ndiye ninayeitwa vikigoma. Saa za tableti msiziamini. Zile za bei nafuu zikiishiwa chaji kabisa, zikiwaka zinaweza kuanza na tarehe ya ajabu mpaka zipate mtandao. Nimeona mzigo uliopimwa "mwaka 1970". Tunzeni saa mbili, ile ya tableti na ile mzigo ulipofika kwenye seva, halafu kila tableti iwe na namba yake ya mfuatano, 1, 2, 3, isiyorudi nyuma. Namba ikiruka mnajua kuna mzigo haujafika.

Na dada kasema tableti itunze. Itunze wapi? Nimekuta mfumo unatunza kwenye kivinjari, karani kafuta historia kwa sababu simu ilijaa video, mizigo ya asubuhi nzima ikaenda. Ulizeni hilo kabla ya Manyoni. Pale mtandao ukienda unaweza kurudi kesho.

Kijana_Ngongona (Jumapili iliyofuata, saa 1:30 usiku)

Wakuu nimerudi. Jana nilipanda gari stendi ya Nzuguni alfajiri, nikashinda Kibaigwa mpaka jua linazama.

Yapo mambo mchoro haukuwa nayo. Kwanza, fomu yetu ina sehemu ya magunia, na kilo zisipojazwa programu inazidisha kwa 100. Pale sokoni gunia la kilo 100 ni la kuhadithiwa. Lumbesa zimekatazwa miaka nenda rudi, lakini zinakuja zimevimba na kushonewa kofia juu. Wenye mabaki wanahesabu kwa debe. Karani anapima kilo, halafu anazigawa kwa 100 kichwani ili fomu imkubali. Kwa hiyo kilo ndiyo kipimo, gunia na debe vibaki maelezo ya pembeni.

La pili lilinishtua zaidi. Lori moja dalali kaleta mahindi ya wakulima watatu, mzigo ukapimwa mara moja kwa pamoja. Mfumo wetu unalipa simu moja, ya dalali. Wale wengine wawili wanasimama naye hapo hapo mpaka awagawie. Mteja anataka kila mtu alipwe kwenye simu yake. Kama namba ya kipekee ningeibandika kwenye mzigo, wa kwanza angelipwa, wawili wangekataliwa na sharti la hifadhidata. Nimeihamishia kwenye agizo la malipo. Mzigo mmoja, maagizo matatu, kila agizo na namba yake, na jumla ya maagizo isizidi thamani ya mzigo.

La tatu, karani ana njia yake mtandao ukikata. Anampigia simu mwenzake ofisini, anamsomea namba, mwenzake anaingiza. Jioni na yeye anaingiza kutoka daftarini. Mizigo inayoingia mara mbili inatoka hapo, sikuwa najua.

Nimeanza kuandika maamuzi. Nimekuta muundo aliouandika Michael Nygard mwaka 2011, ukurasa mmoja kwa uamuzi mmoja, nimeuchukua. Naomba mnikosoe:

*Uamuzi wa 1: Mfumo unabaki programu moja yenye moduli*

*Hali: umependekezwa, unasubiri bosi na mteja.*

*Mazingira: Vituo vinatoka kimoja kwenda vitano. Makadirio ni mizigo 2,000 kwa siku ya juu. Timu ina watu wanne. Kuna pendekezo la maikroservisi 12.*

*Uamuzi: Tunabaki na programu moja na hifadhidata moja. Ndani tunatenga moduli za ushuru, bei, malipo na vipimo. Utumaji wa meseji unakuwa mchakato wa pembeni unaosoma foleni.*

*Matokeo: Matengenezo ni rahisi, gharama ya seva haipandi, kosa likitokea tunatafuta mahali pamoja.*

BintiHombolo (saa 3:15 usiku)

Hilo la wenye mzigo watatu ndilo lililostahili nauli. Nami ningekaa Mtumba na kalamu yangu nisilijue.

Nakukosoa sasa. Matokeo yako yote ni mazuri, na uamuzi wenye matokeo mazuri matupu ni tangazo la biashara. Unalipa nini? Nakutajia mawili: mkipandisha toleo lenye hitilafu, vituo vyote vitano vinaanguka pamoja. Na hifadhidata ikifa hakuna kinachobaki isipokuwa tableti. Yaandike, kisha andika mnafanya nini juu yake. Bakapu, yaani nakala ya akiba, ya kila usiku ipo? Mmewahi kuirudisha kwenye kompyuta nyingine mkaona inasoma? Bakapu ambayo haijarudishwa usiihesabu.

Kwenye mazingira umetaja pendekezo la visanduku 12 halafu hukusema kwa nini hamkulichukua. Weka zile hesabu, mstari mmoja mmoja. Baada ya miaka mitatu wewe utakuwa kwingine, kijana atakayekalia kiti chako atauliza hawa wazee walifikiria nini. Ongeza na namba itakayofungua tena mjadala: timu ikizidi watu wangapi, au mizigo ikifika mingapi kwa siku, uamuzi huu usomwe upya. Chagua wewe, ila iwe namba.

Mchoro bosi ataudai tu, anawalipa watu kwa michoro. Fuata mpangilio wa michoro wa Simon Brown: mchoro wa kwanza uonyeshe mfumo wenu ukiwa kisanduku kimoja na nani anaongea nao: karani, mteja, kampuni ya simu, mwenzake karani yule wa ofisini. Wa pili ufungue kisanduku hicho: programu ya tableti, programu ya seva, hifadhidata, mtumaji wa meseji. Kila mshale uandike unabeba nini na ukikatika kinatokea nini. Mpangilio wenyewe una ngazi mbili zaidi chini yake, kwenu hazina kazi. Mshale usiojua maana yake ufute.

Na mahali pa simu ya karani kwa mwenzake usipazibe haraka. Wameutengeneza mfumo wa akiba wenyewe kwa sababu wenu uliwaacha. Wape njia ya tableti kutunza, ngoja waiamini, simu itakoma yenyewe.

Kijana_Ngongona (saa 3:40 usiku)

Nimeyachukua yote. Bakapu ipo, kuirudisha hatujawahi. Kesho asubuhi hiyo ndiyo kazi ya kwanza.

Swali dogo la mwisho. Orodha ya wakulima kukaa kwenye tableti, ina majina, simu na namba za NIDA. Kuna tatizo?

BintiHombolo (saa 3:52 usiku)

Lipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Jiulize kwanza karani anahitaji namba ya NIDA kupima mahindi? Hahitaji. Isishuke kwenye tableti kabisa. Jina na tarakimu nne za mwisho za simu zinamtosha kumtambua mtu, simu kamili ibaki kwenye seva kwa ajili ya malipo. Wakulima wa Kondoa wasishuke kwenye tableti ya Manyoni. Na tableti ikiibiwa, nani ana uwezo wa kuifungia, kwa muda gani, na mizigo iliyomo ambayo haijatumwa inakwenda wapi?

Fundi_Singida (saa 4:01 usiku)

Zinaibiwa. Msimu wa alizeti hasa.

Kijana_Ngongona (saa 4:06 usiku)

Haya, uamuzi wa 2 huo. Naandika usiku huu, nauweka hapa kesho.